Mashine ya Kukatia Kadi: Bi Harusi, Chukua ya Mkono



Tangu turudi Lushoto tumekuwa tukiulizwa ile mashine tuliyopiga nayo picha ni ya nini. Mmoja alidhani ni ya kukamulia miwa, mwengine akasema bila shaka ni ya kutengenezea tambi. Ni mashine ya kukatia karatasi. Unaweka karatasi pamoja na kikatio cha chuma chenye umbo unalolitaka, unavibana katikati ya vibao viwili vya plastiki, unazungusha mkono, roli mbili zinavikandamiza, na upande wa pili inatoka hilali, ua, lebo au kisanduku kizima kilichobaki kukunjwa tu. Haina waya wala programu. Leo tunaizungumzia kwa sababu nusura tumshauri mdogo wetu vibaya, na pesa aliyotaka kuitumia ilikuwa mahari yake.

Mdogo wetu huyu ni mtoto wa shangazi yetu. Kalelewa Unguja, kasoma skuli Unguja, na Mfunguo Mosi uliopita Mwenyezi Mungu kamjaalia mume wa Kisambaa, mtu wa Lushoto. Hapa kwetu alikuwa akifahamika kwa visanduku vyake vya halua na tende, anavikata kwa mkasi kimoja kimoja, vidole vinamvimba, na bado anatoza bei ya kuoneana haya. Mahari ilipotajwa kuwa ni fedha taslimu, akasema mbele ya watu wazima: "Mimi nataka mashine ya kukatia karatasi."

Shangazi alishika kichwa. "Mahari ni bangili mwanangu. Bangili hazishi. Mashine ikiharibika utavaa nini?"

Sisi tulisimama na bi harusi, lakini tulisimama vibaya. Tulikuwa tumeshatazama video nyingi za zile mashine zinazoongozwa na kompyuta, kama Cricut na Silhouette, zinazochora na kukata lolote unalolichora kwenye simu. Tukamwambia, ikiwa unanunua, nunua hiyo, ya kisasa. Tukaenda mbali zaidi, tukaiazima moja kwa mwenzetu wa Dar es Salaam ili aione ikifanya kazi kabla hajatoa senti. Mwenzetu mwengine akatia kwenye begi lake mashine yake kuukuu ya kuzungusha kwa mkono, "ya akiba tu", na tukamcheka.

Kutoka Unguja unapanda boti mpaka Dar, halafu basi la njia ya Chalinze, Segera na Korogwe mpaka Mombo. Pale Mombo unaiacha barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, unaanza kupanda milima ya Usambara. Ni kama kilomita 33 za kona juu ya kona, unayapita maporomoko ya maji ya Soni, na ukifika mjini uko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, unatafuta koti. Wajerumani walipokuwa wakitawala huku waliupa mji jina la Wilhelmstal, la mfalme wao, na ukiuonja ule ubaridi wa alfajiri unaelewa kwa nini walipapenda.

Tulifika siku kumi kabla ya walima, na kazi yetu ilikuwa visanduku 200 vya tende na lebo zake.

Jioni ya kwanza tukaiwasha ile ya kompyuta. Mashaallah, ilikuwa ikikata kama inaandika. Kila karatasi unaibandika kwenye mkeka wake wenye gundi, unasubiri ikate mistari, ikwaruze mikunjo, unabandua polepole isichanike, unabandika nyengine. Tulipofika kisanduku cha ishirini na kitu umeme ukakatika. Ukarudi kesho yake mchana, ukakatika tena magharibi. Siku ya tatu umeme upo lakini mtandao wa simu unakuja na kwenda kama ukungu, na programu inazunguka tu. Mkeka nao ulianza kuchoka gundi. Tukawa tumebakiwa na siku saba na visanduku zaidi ya 150.

Ndipo ile kuukuu ikatolewa begini, na aliyeileta hakusema neno. Alitutazama tu.

Nayo ilitugomea mwanzoni. Ilikuwa ya aina ile ndogo inayokunjika, yenye mpira chini wa kunyonya meza ishike isitembee. Ule mpira unataka meza laini, ya kioo au fomeka. Meza ya nyumba ile ni ya mbao za kuchana, imara lakini ina mikwaruzo, basi kila tukizungusha mkono mashine inatufuata. Mama mkwe wa mdogo wetu ndiye aliyetuokoa. Alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na kigae kikubwa kilichobaki walipojenga bafu, akakitandikia kitambaa kibichi kisiteleze, akakiweka mezani. Mpira ukashika kigae kama pweza.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda. Mmoja anapanga, mmoja anazungusha, mmoja anakunja, mmoja anatia gundi. Bibi yake bwana harusi, mtu wa miaka sabini na ushei, alivuta kiti akasema mkono huo niachieni mimi, ni mwepesi kuliko kutwanga. Alasiri moja ilitoa visanduku zaidi ya tulivyotoa siku tatu zote za mwanzo, na mazungumzo juu, na chai ya Usambara isiyokatika. Umeme ulipokatika jioni ile tulijua kwa kuwa mtu alikwenda kuwasha taa ya betri, si kwa kuwa kazi ilisimama.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu, na tunautoa tukiwa tumeshaumwa: kwa bi harusi anayekwenda kuishi mlimani, au shamba, au hata hapa mjini Unguja kwenye nyumba ambayo umeme si wa kutegemea, mashine ya kwanza iwe ya mkono. Ya kompyuta ina raha yake kwa mtu anayebadilisha umbo kila siku na anayekata majina ya watu. Lakini kazi ya harusi ni kurudia. Umbo lile lile mara 200, na hapo roli na kikatio cha chuma havishindiki. Ipo na aina ya tatu, ambayo roli zake zinazungushwa na mota, kama Gemini. Hiyo tunaiona inafaa zaidi kwa mwenye maumivu ya bega au kifundo cha mkono. Mkiletewa ya mota na ndugu wa Marekani, soma kwanza nyuma yake, maana umeme wao ni wa volti 120 na wetu ni 230.

Sasa, ya mkono ipi?

Majina mtakayokutana nayo zaidi ni Sizzix na Spellbinders. Ellison, kampuni yenye Sizzix, ilianza miaka ya 1970 huko Marekani kwa kutengeneza mashine za kukatia herufi kwa ajili ya walimu, na ukiishika Big Shot yao unaona bado ina ule uzito wa kitu cha darasani. Cuttlebug mnaweza kuuziwa iliyotumika kwa bei nzuri, lakini ilishaachwa kutengenezwa, na vibao vyake vya asili kuvipata ni kuhangaika. Sisi hatuna undugu na yeyote kati yao. Tunachokitazama ni upana wa mdomo, uimara wa roli, na kama vibao vyake vinapatikana.

Upana kwanza. Mdomo wa sentimita 15 na kitu unatosha watu wengi. Karatasi ya A5 ina upana wa sentimita 14.8, kwa hiyo inapita, na A5 ikikunjwa ndiyo kadi ya mwaliko ya ukubwa wa kawaida. Ya mdomo wa A4 inavutia, lakini ni nzito, inakula nafasi ya meza nzima, na vikatio vyake vikubwa ndivyo vinavyokausha mfuko. Zile ndogo kabisa za mdomo wa A6 au chini yake ni nzuri kwa lebo na maua, ila siku utakapoombwa kisanduku utajuta.

Pili, unene. Vikatio viko vya namna mbili. Vile vyembamba kama bati hukata karatasi moja ngumu kwa wakati, ya manila au kadi ya gramu 250 mpaka 300, na vinaingia karibu mashine zote. Vile vinene, vyenye wembe uliozamishwa ndani ya ubao na sponji juu yake, hukata karatasi kadhaa kwa pamoja, na hukata kitambaa, ngozi nyepesi na sponji. Mashine nyingi ndogo hazivipitishi kabisa. Ukitaka kuchanganya karatasi na vitu vyengine, hakikisha mdomo wa mashine unafungua kiasi cha kumeza kikatio kinene kabla hujalipa.

Na kuchanganya huko ndiko kulikotufurahisha zaidi Lushoto. Usambara ni nchi ya migomba. Maganda makavu ya shina la mgomba, ukiyapasua, ukayapiga pasi ya uvuguvugu chini ya karatasi, yanakuwa na rangi ya kahawia inayong'aa ambayo hakuna manila iliyowahi kuipata. Tulikata hilali za maganda hayo tukazibandika juu ya visanduku vyeupe. Mabaki ya kanga nayo tuliyapiga wanga kwanza, tukayakausha, ndipo tukayakata. Bila wanga yanachanika nyuzi pembeni na kikatio kinatafuna badala ya kukata. Ukindu tulishindwa. Unapasuka kwa urefu kila ukikandamizwa, tukauacha.

Ukienda kununua iliyotumika, usiridhike na kuona mkono unazunguka. Chukua kikatio cha mstatili mkubwa, pitisha karatasi. Kama upande mmoja umekatika na wa pili umeacha alama tu, roli zimekwenda upande, na hakuna fundi wa karibu wa kukusaidia. Pitisha na karatasi nyembamba ya ofisini, maana hiyo ndiyo humuumbua muuzaji. Usitishwe na mlio. Vibao vinapopita vinalia kama vinavunjika, na ndivyo vilivyo. Lakini mkono ukigoma, usiuvunje kwa nguvu za kupakua nazi. Rudisha nyuma, kuna kibao kimezidi. Kila mashine ina mpangilio wake wa unene, na vibao vya kampuni moja si lazima viwe sawa na vya nyengine.

Gharama ya kweli ndipo wengi wanapoteleza. Mashine ya chuma ya upana tuliousema, nje ya nchi, kwa kawaida hupita dola 100, na bado hujaweka usafiri na ushuru. Watu wanaihesabu hiyo wanasema basi, nimemaliza. Hujamaliza. Vikatio vinanunuliwa mbali, na vibao vya plastiki vinaliwa. Kila mkato unaacha mchoro, na kibao kinaanza kupinda kama pasua la nazi. Dawa yake ni kukigeuza juu chini kila baada ya kukata ili kipinde huku na huku, lakini mwisho wake kitakwisha tu. Nunua jozi moja ya ziada siku ile ile unayonunua mashine. Ukiwa Lushoto hutatelemka mpaka Kariakoo kwa ajili ya kibao.

Vikatio vya bei rahisi vya Kichina sisi tunavitumia na hatuoni haya. Kwa duara, mstatili, lebo na kisanduku vinakata vizuri. Vya nakshi nyembamba kama lasi ndivyo vinavyosumbua, karatasi inaganda ndani na unaitoa kwa sindano kipande kipande huku bi harusi analia. Anza na vitatu: kisanduku, lebo yenye tundu la kupitishia utepe, na mstatili unaokaa mmoja ndani ya mwengine. Maua yatakuja baadaye.

Ukungu tulikuwa hatuujui. Sisi watu wa pwani tumezoea joto lenye unyevu na chumvi inayokula chuma. Vikatio vyetu tunavipangusa kwa mafuta ya cherehani na kuvifunga. Lushoto hakuna chumvi, lakini asubuhi karatasi iliyoachwa mezani inakuwa imelegea na kujikunja pembe, na gundi inachukua muda mara mbili kukauka. Weka karatasi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na ukate mchana, jua likishapanda.

Kuna jambo moja tunaomba tulisemee, hata kama wengine wataona tunabana. Siku hizi vinauzwa vikatio na folda za nakshi zenye Bismillahi, jina la Mwenyezi Mungu au maneno ya Qur'ani. Fikiria kikatio kinafanya nini: kinatoa herufi, na tundu la herufi ile ile linabaki kwenye karatasi utakayoitupa. Halafu kisanduku chenyewe, tende zikishaliwa, kinaanguka chini ya viti vya walima na kufagiwa. Tuliwahi kufagia ukumbi baada ya harusi tukaokota majina matukufu kwenye rundo moja na mifupa ya kuku, na hatukulala vizuri. Wekeni hilali, ua, majina ya maharusi na tarehe. Dua muwaombee kwa midomo. Na kwa maandishi mengine yoyote ya Kiarabu, kumbuka folda ya nakshi ina pande mbili. Ukiingiza karatasi kichwa chini, upande unaoonekana utasoma kinyumenyume kama kwenye kioo.

Turudi kwenye mahari, maana ndiko ugomvi ulikokuwa.

Shangazi yetu hakukosea kuhusu dhahabu. Bangili unaweza kuiuza siku ya shida, mashine iliyotumika huiuzi hata nusu bei. Tulimsikiliza na tukamwambia ana haki ya kuogopa. Lakini mahari ni ya mwanamke mwenyewe, Surat An-Nisaa aya ya nne imeliweka hilo wazi, na hakuna baba, mume wala shangazi mwenye neno la mwisho juu yake. Mtu mzima anashauri, kisha anaacha. Na mdogo wetu hakuwa akinunua mchezo. Alikuwa anakwenda kuishi mbali na wateja wake wote, kwenye mji ambao hamjui mtu, na alitaka awe na shughuli ya mikono yake kabla hajaanza kuomba pesa ya vocha. Ukimnunulia bi harusi kitanda cha pili hakuna anayeuliza kitaharibika lini.

Tunalolikataa ni kununua mashine kwa ajili ya harusi yako peke yake. Ikiwa unataka mialiko 100 na basi, nenda kwa mchapaji, au fanya kama walivyofanya wazee wetu, watu wazima wapite nyumba kwa nyumba kualika kwa mdomo. Kadi ya simu nayo inafika. Tumeziona siku hizi kadi za sanduku lenye kioo, manukato na ua la plastiki ndani, mtu anaalikwa kula pilau kwa kitu cha thamani kuliko pilau lenyewe, na baba wa bi harusi amekopa. Hiyo ni israfu hata kama umeikata kwa mkono wako.

Na msinunue kila mtu yake. Wanawake wanne wa mtaa mmoja wanaweza kuwa na mashine moja na kila mmoja kikatio chake, mkaazimana. Vikatio vyembamba vinakaa kwenye bahasha.

Mwisho wake mdogo wetu aliigawa. Ilitoka mashine moja ya chuma ya mdomo wa sentimita 15, yenye miguu mizito isiyohitaji kigae, vikatio vitatu na jozi mbili za vibao. Kilichobaki kikawa bangili moja, nyembamba, ambayo shangazi aliichagua mwenyewe na kuipima mara mbili. Mashine ilifika wiki tatu baada ya harusi, ikiwa imefungwa kwenye shuka ndani ya basi.

Kazi yake ya kwanza ya kulipwa ilikuwa lebo 60 za chupa za jemu ya plamu, za jirani anayewauzia wageni wanaopita kwenda kutazama bonde pale Irente. Alitoza bei ya kuoneana haya tena. Wifi yake ndiye aliyeingilia, akarudi kwa jirani na hesabu ya karatasi na gundi, na sasa wifi ndiye mwenye daftari. Juzi kapiga simu kusema kibao kimoja kimeshapinda, kwa kuwa alikuwa anasahau kukigeuza, na je, kuna mtu anapanda boti wiki hii?